Nzuri, ila...

Ukikutana na mtu sokoni Makorora asubuhi akakuuliza habari za nyumbani unajibu nzuri. Hata kama mtoto kakesha na homa, hata kama wewe mwenyewe usiku kucha hujafumba jicho, nzuri kwanza, afu ndo unaweka ila yako. "Nzuri bibie, ila mguu huu." Ndivyo tulivyolelewa Tanga na mie sina ugomvi na hilo, nalipenda hata. Ugomvi wangu ni kwamba tangu nilipotolewa silikoni, lile titi la bandia, na kutengenezewa titi upya, watu wananiachia niseme nzuri, nikifika kwenye ila wananikatisha.

"Si walishatoa? Basi umepona, mshukuru Mungu."

Namshukuru. Namshukuru mara tano kwa siku na za usiku juu. Ila bega linauma.

Nisimulie mwanzo kwa kifupi maana sehemu hii nishaichoka. 2014 nilikuwa nanyonyesha, nikawa na uvimbe titi la kushoto, kila mtu akasema maziwa yameganda, kanda kwa maji moto, nyonyesha sana, na mie nikakanda. Haikuwa maziwa, ilikuwa saratani. Titi likakatwa lote, tezi za kwapani zikatolewa, nikala dripu za kemo, nikapigwa mionzi Dar, nikatoka nimepungua kilo sijui ngapi lakini mzima. 2017 kaka yangu aliyeko Muscat akanichangia nikaenda India nikawekewa silikoni pale palipobaki patupu. Nilikuwa na miaka 36 na nilitaka dera likae sawa mbele. Sioni haya kusema.

Mwaka wa pili likaanza kukaza. Kwanza kama embe bichi, baadae likawa kama kifuu, siwezi kulalia ubavu, siwezi kukumbatiwa na mtu, mtoto akinirukia namsukuma kabla sijajua namsukuma. Nilivyokuja kuelewa baadae ni kwamba mwili ukiwekewa kitu kigeni unakizungushia kifuko cha kovu, kila mtu anapata hicho kifuko na wengi kinabaki chembamba wala hawakijui, ila kwa wengine kinanywea na kubana kile kilichomo ndani, na aliyepigwa mionzi pale kifuani hatari yake ni kubwa zaidi. Mie nilikuwa nimepigwa mionzi. Yaani hii habari ilikuwepo, madaktari wanaijua miaka mingi, mie ndo sikuwa nayo.

Machi 2021 ikatolewa Dar, silikoni pamoja na kifuko chake. Na kwa vile ngozi iliyobaki haitoshi walichukua msuli na ngozi ya mgongoni wakaupitisha chini ya kwapa wakauleta mbele wakatengeneza titi. Kwa hiyo sehemu ya mgongo wangu saivi iko kifuani, na mgongoni nina kovu refu la mshazari ambalo sijawahi kuliona vizuri, naliona kwa vioo viwili.

Sasa hapa ndo pa kuongea. Kutoa silikoni sio kuvua sidiria jamani. Watu wanadhani ukitoa unarudi ulivyokuwa. Hurudi, unaenda mahali pengine kabisa.

Wiki ya tatu baada ya kutolewa ile mirija ya kunyonya maji mgongo ukaanza kujaa. Pale walipotoa msuli panabaki nafasi, mwili unaijaza maji, rangi yake kama chai ya rangi iliyochujuka. Nikawa kwenye basi kurudi Tanga, masaa sita na kitu, na kila basi likipanda tuta nasikia maji yanacheza mgongoni kama dafu unapolitikisa sikioni. Abiria wa pembeni ananiuliza dada mbona umekaa upande, namwambia nimechoka tu. Dokta alikuwa anayavuta na sindano kubwa, mara ya kwanza yalitoka mililita 180, kile kikombe cha kahawa kubwa kabisa, nikayaangalia nikasema haya ndo yalikuwa yanasafiri bila nauli. Yalivutwa mara saba. Kila mara nauli ya kwenda na kurudi, mpaka nikapata daktari wa kunivutia hukuhuku. Kumbe operesheni hii ya nyama ya mgongo, maji kujaa ndo tatizo linaloongoza, sio ajabu wala sio bahati mbaya yangu peke yangu. Kama mtu angeniambia tu "yatajaa, yatavutwa, yataisha" nisingelala macho nikiwaza saratani imerudi.

Halafu nazi. Hii nawaambia wanawake wenzangu wa pwani maana hamtaisoma kwenye karatasi ya hospitali. Ule msuli wa mgongo ndo unaovuta mkono chini na ndani, na wakiuhamisha mbele na mshipa wake wa fahamu bado uko, ukivuta mkono titi linajikunja. Mara ya kwanza nakaa kwenye mbuzi kukuna nazi, nimeshika kifuu, nasukuma, naona dera linaruka lenyewe. Nikisukuma linaruka, nikiacha linatulia. Binti yangu alikuwa amekaa kwenye kizingiti ananiangalia, akacheka mpaka akalala chini, "Mama titi linacheza mdumange!" Nikacheka na mie, tukacheka wote, nazi ikamwagika. Usiku nikalia. Vyote viwili vilikuwa vya kweli na sitaki mtu anichagulie kimoja.

Nazi mbili saivi sizimalizi. Nakuna moja bega linawaka. Wifi ananinunulia tui la pakiti, na mtu wa Tanga kupikia tui la pakiti nyie mnajua hiyo ni msiba wa aina yake.

Lingine ni ganzi. Ngozi ya titi la kutengenezwa haina hisia, au inayo kidogo sana pembeni, na hilo ukiambiwa unaitikia ndio ndio dokta bila kujua maana yake. Maana yake ni hii. Mama mdogo alikuja kutoka Pangani kunitazama, akanikuta nasema bega na kifua vimekaza, akainjika maji, akaleta kitambaa, akaanza kunikanda kama anavyokanda wazazi. Bega nasikia raha. Akashuka kifuani.

"Mama mdogo, haya maji yamepoa."

"Yamepoa? Mwanangu mbona mie mikono inaniungua?"

"Yamepoa, ongeza ya jikoni."

Akaongeza. Ni mtu mzima anayenipenda, nimemwambia ongeza, akaongeza. Jioni navua nguo naona malengelenge matatu, moja ukubwa wa kidole gumba, na sisikii chochote, naangalia kama naangalia kifua cha mtu mwingine. Kidonda kilichukua wiki tano kufunga kwa sababu ngozi ile damu yake sio kama ya kwingine. Mama mdogo mpaka leo hajajisamehe na mie siwezi kumfanya ajisamehe. Kwa hiyo ukiwa na ndugu aliyefanyiwa hii kitu, usimkande kifuani kwa maji moto, usimwekee chupa ya moto, wala akikwambia ongeza usimsikilize.

Mkono wa kushoto unavimba nikipika shughulini au nikibeba ndoo, hiyo ni ya tezi zilizotolewa kwapani, bangili nimeshahamishia kulia. Na kwenye swala, takbira mkono wa kushoto unaishia begani, mwaka mzima nimeswali kwenye kiti, mtoto wa jirani akaniuliza shikamoo bibi, kiti kinaenda peponi? Sikuwa na jibu.

Sasa maneno ya mtaani. Kuna watu hawajui habari ya saratani, wanajua tu "aliweka silikoni ikamkataa", basi imeshakuwa hadithi, eti alijitia umbo Mungu kamwonyesha. Mie aliyeweka kwa urembo simsemi vibaya, mwili wake, ila ningependa ajue alichobeba. Hivi vitu vimeanza 1962 kule Houston, Texas, na mwanamke wa kwanza wala hakwenda kutafuta matiti, alikwenda kufutwa tatuu ya maua kifuani wakamshawishi, akakubali kwa sharti wamtengenezee na masikio. Nimesoma hilo saa nane usiku nimejiegemeza kwenye mito mitatu, nikacheka peke yangu. Ufaransa nako 2010 ikagundulika kampuni inaitwa PIP ilikuwa inajaza silikoni ya kiwandani badala ya ile ya hospitali, mwenye kampuni akahukumiwa kifungo cha miaka minne 2013, wanawake maelfu kwa maelfu wameshawekewa. Na mamlaka ya dawa ya Marekani Oktoba 2021, miezi saba baada ya mie kutolewa yangu, ndo ikaagiza boksi liwe na onyo zito na kila mwanamke apitishwe kwenye orodha ya hatari kabla ya kusaini, na ikasema wazi kwamba hivi vitu sio vya maisha, kadiri vinavyokaa ndo uwezekano wa kuja kutolewa unapanda.

Wapitishwe kwenye orodha. Mie sikupitishwa. Nilipewa karatasi na peni. Daktari aliyenifanyia ni fundi kweli, mishono yake safi, mkono wake siulaumu kabisa, nalaumu zile dakika kumi kabla. Aliniuliza nataka saizi gani. Hakuniuliza napika nini, nabeba nini, nalala ubavu gani. Ukimuuliza mwanamke anachokifanya kwa mikono yake kutwa nzima utajua msuli gani usimchukulie, au angalau utajua cha kumwambia mapema.

Na kitu kingine hakikutajwa kabisa, kwamba ningeweza kubaki bapa, bila titi lolote la kutengenezwa. Kovu lipone, maisha yaendelee. Ni uamuzi kamili kama uamuzi mwingine, sio kukata tamaa. Nina rafiki nilimpata kliniki, anakaa Chumbageni, yeye alibaki bapa na kajishonea titi la kanga kajaza sufi, sufi hizi hizi za mito, na ndani katia kifuko kidogo cha mtama ili liwe na uzito lisimpande shingoni. Analifua Ijumaa, unalikuta limeanikwa kwenye kamba katikati ya mashuka. Anakuna nazi tatu. Simwonei wivu kila siku, siku nyingine nikijiangalia kwenye kioo nimevaa gauni la harusi ya mtu nasema afadhali langu, ila siku ya kupika ubwabwa namwonea wivu mpaka basi.

Ningechagua nini kama ningeambiwa vyote? Sijui, pengine hiki hiki. Lakini ningekuwa nimechagua, sio nimebebwa.

Kwa hiyo nimeanza kuijibu ila yangu mpaka mwisho. Jirani akiniuliza umeamkaje nasema nzuri, ila mgongo umekaza siwezi kufunga sidiria, na naendelea kusimama pale mlangoni mpaka anisikie. Wengine wanakimbia. Mmoja, mama wa makamo ambaye sikumtegemea kabisa, aliangalia huku na huku akanivuta ndani akafunga mlango akafungua kitenge chake kifuani, akaniuliza na hii je, ni kawaida? Ilikuwa uvimbe, ana miezi minne nao anaukanda. Kesho yake tulikwenda wote hospitali ya Bombo.

Jumanne nina kliniki. Kadi ya ile silikoni, yenye namba zake, bado naitunza kwenye bati la biskuti pamoja na cheti cha ndoa, naenda nayo kila mara hata kama kitu chenyewe hakipo tena. Safari hii nimeandika na maswali kwenye daftari ili nisije nikaitikia ndio ndio. La kwanza, bega hili lina mazoezi au ndo limeshakuwa hivi. La pili, yale maji yakirudi nitayajuaje. La tatu, ule mshipa unaofanya titi lirukeruke unaweza kukatwa, na ukikatwa napoteza nini.

Jana usiku nimefungua daftari nimekuta la nne, limeandikwa kwa peni nyekundu na mwandiko sio wangu: muulize lini utaweza kunisuka tena kichwa kizima, sio mistari miwili unapumzika.