Mita Yenye Jini

Mzee alishusha kibandani mzigo uliofungwa kwa kanga kuukuu, akaninong'oneza: "Fundi, hii inapima umeme usiokuwepo."

Kufungua, mita ya mezani ya Kimarekani, ya miaka ya 1980, ya tarakimu tano na nusu, yaani inayosoma hata vipande vidogo sana vya volti. Chuma kitupu, nzito hasa. Aliinunua mnadani, ofisi fulani ilipouza makorokoro yake. Nikaangalia nyuma, swichi ya volti iko kwenye 240. Nikawasha.

Namba zikaanza kucheza. Hakuna waya hata mmoja uliochomekwa, lakini mara 0.4, mara 1.2, mara hasi. Mama maandazi wa jirani akasogea kuchungulia, zikaruka. Akarudi nyuma, zikatulia. Akasogea tena, zikaruka.

"Inanijua!" akapiga kelele.

Nikawaeleza. Mita nzuri ya aina hii, kwenye renji za volti ndogo, ukinzani wa mdomo wake, yaani inavyozuia umeme kupita ndani yake, unapita omu bilioni 10. Chaji kidogo tu inayoletwa na mwili wa mtu, inaisikia. Mita zetu za mfukoni zina omu milioni 10, chaji hiyo inavuja yote, ndiyo maana zinakaa kimya. Kwa hiyo kucheza kule ni dalili ya uzima. Nilieleza vizuri sana, na hakunisikiliza mtu. Vijana wa bodaboda walishapanga foleni wapimwe majini. Mmoja aliyevaa jezi ya nailoni alifikisha volti mbili, akashauriwa amwone shehe siku hiyohiyo.

Ndipo ikalia: pwaa!

Moshi mzito wa kahawia ukatoka kwenye matundu ya nyuma, na harufu ya samaki aliyeungulia kwenye plastiki. Foleni yote ikapotea, pikipiki moja ikaachwa inaunguruma peke yake. Mama maandazi alikimbia na mwiko mkononi. Aliyebaki ni mzee, na si kwa ushujaa: kandambili yake ilinasa kwenye waya wa ekstensheni.

Nikachomoa plagi, nikafungua skrubu. Ilikuwa kapasita ya karatasi, kidude cha kuhifadhi chaji, ile inayokaa kati ya laivu na nyutro, waya mbili za umeme wa ukutani, kuzuia kelele za umeme, yaani mtikisiko wake. Gamba lake likizeeka hupata nyufa, unyevu unaingia, na unyevu Dar hatununui. Ukiipa umeme tena, inapasuka. Bahati nzuri kazi yake ni hiyo tu. Mita yenyewe haikuguswa. Nikaweka mpya ya filamu ya plastiki, yenye alama ya X2, ya usalama kwa kazi hiyo, nikafuta ule utomvu kwa spiriti.

Watu wakarudi mmojammoja.

"Katoka," mama maandazi akatangaza. "Nimemwona kwa macho yangu. Mrefu, mweusimweusi."

Mzee akaanza kuifunga kanga. "Sasa fundi, jini katoka mwenyewe, nikulipe nini?"

Sikubishana. Nikawasha. Namba zikacheza vilevile.

"Yallah! Kumbe walikuwa wawili!"

Hapo nikaachana na sayansi. Nikachukua kipande cha waya wa shaba, nikaunganisha tundu jekundu na jeusi. Sifuri tupu, mstari mzima, bila kutikisika. Watu wakashusha pumzi. Mzee akatoa pesa yote, hata hakuomba punguzo.

"Kwa hiyo mwanangu, huu waya ndio unamfunga?"

"Ndiyo, mzee. Ila ukitaka kupima kitu, itabidi umfungulie."