Kamera za barabara kuu zirekodi saa 72, kisha zifute zenyewe

Mamlaka nyingi zinazosimamia barabara kuu zina sera ya mstari mmoja kuhusu kamera zao: tunaangalia, haturekodi. Idara ya uchukuzi ya jimbo la Washington, Marekani, imekuwa ikiwajibu hivyo wananchi wanaoomba video. Sera hiyo ina sababu zake, na anayeipinga anapaswa kuzielewa kwanza.

Kamera hizi ziliwekwa kwa ajili ya mwongozaji anayekaa kwenye kituo cha usimamizi wa magari. Anataka kujua foleni imeanzia wapi, njia ipi imezibwa, gari la kuvuta litumwe upande gani na ujumbe gani uwekwe kwenye mbao za kielektroniki. Kazi hiyo inahitaji picha ya sasa hivi. Ya jana haimsaidii. Sababu nzito zaidi ni kwamba video ikishahifadhiwa, inageuka kuwa kumbukumbu ya umma mahali ambapo sheria inampa mwananchi haki ya kupata taarifa. Mawakili wataiomba, kampuni za bima zitaiomba, waandishi wa habari pia. Mtu atalazimika kuitafuta, kuitazama yote, kuficha nyuso, kuinakili, na pengine kusimama mahakamani kueleza ilivyopatikana. Mamlaka isiyorekodi inakwepa mzigo huo wote.

Hata hivyo naamini sera hiyo imepitwa na wakati, kwa sababu haizuii kile inachodai kuzuia. Video zilezile mara nyingi hurushwa mubashara kwa umma. Yeyote mwenye kompyuta na programu ya kunasa mtiririko, yaani video inayorushwa mubashara, anaweza kuhifadhi kila kitu, na vituo vya televisheni vinavyopewa mtiririko huo hurekodi bila shida. Matokeo yake mtu asiyehusika ana video ya ajali, lakini aliyeumia hana. Ndani ya kituo nako kuna mianya. Programu nyingi za kusimamia kamera zina kumbukumbu ya muda mfupi inayomwezesha mwongozaji kurudisha picha nyuma dakika kadhaa, na zina kitufe cha kurekodi. Kisha kuna simu. Mtu akielekeza simu yake kwenye ukuta wa skrini, video inatoka kituoni bila kuacha alama yoyote kwenye mfumo. Sera inayosema "haturekodi" haina la kusema kuhusu simu hiyo, maana kwa mujibu wake hakuna video ya kulinda.

Hoja ya gharama nayo haina nguvu tena. Kamera inayotoa picha ya 1080p kwa megabiti 4 kwa sekunde hujaza gigabaiti 43 kwa siku. Kamera 300 ni kama terabaiti 13 kwa siku. Kuzihifadhi kwa siku 30 kunahitaji karibu terabaiti 390, na hapo gharama inauma kweli. Kwa saa 72 ni terabaiti 39 tu: diski nane za terabaiti 8, mbili kati yake zikiwa kinga ya diski kuharibika, zinatosha na nafasi inabaki. Mfumo huandika juu ya kilicho cha zamani zaidi, hivyo hakuna mtu anayehitaji kukumbuka kufuta.

Sikuokota saa 72 hewani. Bodi ya Ulaya ya Ulinzi wa Data, katika mwongozo wake wa mwaka 2020 kuhusu vifaa vya video, inasema kadiri muda wa kuhifadhi unavyorefuka, hasa ukizidi saa 72, ndivyo anayehifadhi anavyopaswa kutoa hoja nzito zaidi. Kwa barabara kuu muda huo unafaa: unavuka mwisho wa wiki, na unampa ndugu wa majeruhi nafasi ya kutuma ombi baada ya kutoka hospitali.

Sasa suala la faragha, ambalo nadhani hujadiliwa vibaya. Watu huuliza kama kamera "inaona namba za gari", kana kwamba jibu ni ndiyo au hapana. Jibu linategemea lenzi imekuzwa kiasi gani. Kamera ya 1080p ina pikseli (nukta zinazounda picha) 1920 kwa upana. Ikiwa inaonyesha eneo la upana wa mita 60, kila mita inapata pikseli 32, na kibao cha namba chenye urefu wa sentimita 52 kinapata pikseli 17 hivi. Hakisomeki. Kiwango cha kimataifa cha kamera za ulinzi, IEC 62676-4, katika toleo lake la mwaka 2014 kilitaka pikseli 250 kwa mita ili kumtambua mtu asiyejulikana. Lakini kamera hiyohiyo ikiwa na lenzi ya kukuza mara 30, upana unashuka hadi mita 2 na kila mita inapata pikseli 960. Sura ya dereva inaonekana wazi. Kwa hiyo kanuni ya maana ni ya ukuzaji: mtiririko wa umma utoke kwenye mkao mpana uliowekwa awali, na mwongozaji akikuza kupita kiwango kilichopangwa, mtiririko ukatike wenyewe na ibaki picha ya mwisho ya mkao mpana. Ajali ikitokea, kukata mtiririko kusiachwe kwenye huruma ya aliye zamu. Kuambatane na hatua ya kufungua taarifa ya tukio kwenye mfumo, ili mtoto asimwone mzazi wake akitolewa kwenye gari kupitia mtandao.

Ombi la video nalo liwe na umbo. Lisilo na tarehe, muda, jina la barabara, alama ya kilomita na uelekeo wa magari halitafutiki. Muda uandikwe kwa mfumo wa saa 24, yaani 14:20 na si saa nane na dakika ishirini, kwa sababu anayetafuta anaweza kufungua 08:20. Seva nyingi pia huhifadhi muda wa UTC, yaani saa ya marejeo ya dunia nzima, huku skrini ikionyesha saa ya eneo. Ndipo watu wanapojibiwa kwamba video haipo, kumbe imetafutwa kwenye saa isiyo yake. Saa za kamera zilinganishwe na seva ya muda kila siku, na tofauti ikigunduliwa iandikwe kwenye jibu.

Ombi likipokelewa, hatua ya kwanza ni kuzuia ufutaji. Mjadala wa kama mwombaji ana haki utafuata baadaye. Zuia dakika 15 kabla na dakika 30 baada ya muda uliotajwa, kwenye kamera iliyotajwa na jirani zake za pande zote mbili. Kamera iliyo karibu zaidi huenda ilikuwa imegeuzwa kwingine, na kamera zinazozunguka hukosa ajali mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Toa faili katika muundo wake wa asili, kisha nakala ya MP4 ya kutazamia. Kokotoa alama ya SHA-256 ya faili la asili, yaani msimbo unaobadilika faili likiguswa hata kidogo, na uiandike kwenye fomu. Ukitoa nakala iliyobadilishwa muundo peke yake, baadhi ya fremu (picha mojamoja zinazounda video) zinaweza kuwa zimedondoka, na wakili wa upande wa pili atauliza sekunde hizo zilikwenda wapi.

Polisi wapite mlango huohuo. Kuangalia mubashara wakati wa dharura ni sawa, lakini nakala itolewe kwa maandishi yenye namba ya kesi, na jina la aliyeitoa libaki kwenye daftari la mfumo.

Kamera zinazosoma namba za gari zisichanganywe na hizi hata kidogo. Huko nchi zinatofautiana mno: sheria ya New Hampshire inataka rekodi isiyolingana na orodha ya wanaotafutwa ifutwe ndani ya dakika 3, na Uingereza polisi huziweka hadi miezi 12. Zinahitaji seva yao, sera yao na msimamizi wao.

Jambo la mwisho ambalo sera nyingi huliacha ni video zilizozuiwa kufutwa. Zikikosa tarehe ya kuisha, baada ya miaka michache mamlaka itakuwa na ghala ambalo haikukusudia kulijenga. Ningeweka siku 90, na mwombaji aarifiwe kwa maandishi siku 14 kabla. Asipoleta amri ya mahakama au ombi la kuongeza muda, mfumo ufute na kuandika kwenye daftari kwamba umefuta.