Umri mrefu na mwisho mwema

Baba yangu hajawahi kuniita kwa jina langu. Ananiita "mama". Nilipewa jina la mama yake mzazi nilipotimiza siku saba, na kwetu Pemba mwana mwenye adabu halitamki ovyo jina la mzazi wake, hata likiwa limepewa kitoto kichanga. Bibi naye alikuwa akiniita "somo", yaani mwenye jina moja naye. Na baba, mtu mzima mwenye mvi, bibi alikuwa akimwita "baba", kama mama wengi wa huku wanavyowaita watoto wao wa kiume.

Haya yamenirudia tangu Ramadhani iliyopita. Tumeshafuturu, tumekaa ukumbini, mtoto wa dada yangu anayesoma chuo akaanza kutusimulia habari za wanasayansi wanaotafuta namna ya kuusimamisha uzee. Akauliza, lau kingepatikana kidonge cha kumfanya mtu asife, nani angekimeza? Nikasema mimi nisingekimeza. Akaniambia, "Khaloo, unasema hivyo kwa kuwa hujaumwa." Sikuwa na jibu usiku ule, na neno lake sikulidharau. Hapa nimejaribu kumjibu.

Kwanza nimpe haki yake. Mama yangu alizika watoto wawili kabla sijazaliwa mimi, wote kwa homa. Leo maambukizi ya malaria Zanzibar yameshuka hadi chini ya asilimia 1 kwa vyandarua, kwa kupuliza dawa majumbani na kwa dawa mseto, na kila nikiona mtoto amelala ndani ya chandarua nawakumbuka wale ndugu zangu nisiowaona. Kwa hiyo asidhani nakipenda kifo. Kupigana na kifo kinachomjia mtoto wa miaka miwili ni wajibu wetu sote. Lakini kidonge alichokisema yeye ni jambo jingine kabisa. Kingeondoa mwisho wenyewe, na mimi naamini mwisho huo ukiondoka, mtu naye anaondoka pamoja nao.

Nieleze. Ukipita mtaani Wete ukiwa mtoto, mzee aliyekaa barazani hakuulizi unaitwa nani. Anakuuliza, "Wa nani wewe?" Ukimjibu, anakutajia babu yako, shamba lake, na ugomvi wake wa mpaka na jirani, mpaka unajihisi ulikuwepo kabla hujazaliwa. Nilipokuwa skuli swali lile likiniudhi. Nilitaka nijulikane kwa maksi zangu na kwa mwandiko wangu, nisiwe kila siku mjukuu wa fulani, tena mwenye jina la kurithi. Nikadhani mimi halisi ni yule aliyebaki ukishamvua ukoo wote.

Aliyenibadilisha ni bibi, katika msimu mmoja wa karafuu alipokuwa ameshapotewa na kumbukumbu. Alisahau kuwa babu amefariki, akisali adhuhuri akasahau akasali tena. Usiku mmoja tulikuwa tumekaa tukichambua, chungu ya karafuu mbichi katikati, taa ya chemli pembeni, vidole vyetu vyote vimeiva harufu. Vidole vya bibi havikuwa vimesahau kitu. Alishika shada kwa mkono mmoja, akaligeuza kwenye kiganja cha pili, karafuu zikamwagika huku, makonyo, vile vijiti vyake, akayatupa kule, bila kutazama. Kisha akanitazama mimi. "Wa nani wewe?" Nikamtajia baba. "Aa," akasema, akachambua mashada mawili matatu. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Na mimi wa nani?"

Mikono yetu sote ilisimama. Shangazi ndiye aliyemjibu. Akamtajia baba yake, mama yake, kijiji alichozaliwa, mume aliyemposa, watoto aliowazaa mmoja mmoja, hata waliokufa. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, akatulia kama mtu aliyefunikwa kanga wakati wa baridi, akaendelea kuchambua.

Tangu siku ile sijaweza tena kuamini kwamba nafsi ya mtu ni kitu kimoja kigumu kilichofungiwa kifuani mwake. Ya bibi nusu ilikuwa vidoleni na nusu tulikuwa tumeiweka sisi. Alikuwa mtu mmoja tu duniani, hakuna aliyefanana naye kwa ukali wala kwa upole, lakini umoja wake huo ulihitaji watu wa kuushuhudia na kuurudisha mahali pake unapoteleza.

Sasa mpe mtu huyo miaka 1,000. Atakuwa amebaki peke yake, au tutakuwa tumebaki sote. Hakuna njia ya tatu.

Akibaki peke yake, mfano tunao. Binadamu aliyethibitishwa kuishi miaka mingi kuliko wote ni Jeanne Calment wa mji wa Arles, Ufaransa, aliyezaliwa 1875 akafariki 1997, ana miaka 122. Watu wakihesabu hiyo miaka wanashangaa. Mimi nilipoisoma habari yake nilihesabu waliomtangulia: binti yake wa pekee alifariki 1934, mume 1942, na mjukuu wake wa pekee 1963. Akaishi miaka 34 baada ya huyo wa mwisho. Dunia nzima ilimjua kwa umri wake, na nyumbani mwake hapakuwa na wa kumwita mama wala bibi. Halafu yupo James Bedford, Mmarekani aliyefariki 1967, ambaye mwili wake uligandishwa na mpaka leo umehifadhiwa ndani ya nitrojeni ya majimaji, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, kwa tumaini kwamba sayansi itakuja kumwamsha. Namheshimu kwa tumaini lake. Lakini nikifikiria siku anayofumbua macho, swali la kwanza la binadamu yeyote atakayekutana naye ni lile lile la mzee wa barazani, na sioni atajibu nini.

Mwaka jana nilimpeleka binti yangu Changuu, kisiwa kidogo karibu na mji wa Zanzibar, kuwaona wale kobe wakubwa, ambao asili yao ni kobe wanne walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Migongoni wameandikwa umri wao kwa rangi. Binti yangu alimlisha mmoja sukumawiki, akamkuna shingo, kobe akanyoosha miguu na kusimama juu kwa raha. Akaniuliza, "Mama, huyu anaitwa nani?" Nikatazama gamba lote. Umri ulikuwepo, jina halikuwepo.

Na tukibaki sote? Hili ndilo linalonitisha zaidi, maana linaonekana zuri. Bibi yupo, na bibi yake yupo, na bibi wa bibi yake ndiye mwenye funguo za kabati. Bibi alipofariki, msimu uliofuata karafuu zilikuwa tayari kuanikwa na mbingu ilikuwa na mawingu. Miaka yote bibi ndiye aliyekuwa akisema tuanike au tusubiri, maana karafuu ikipata mvua juu ya jamvi inaharibika rangi na bei. Shangazi, mwanamke wa zaidi ya miaka 50 ambaye maisha yake yote alikuwa akimuuliza mama yake, alitoka uani akageuka kumtafuta wa kumuuliza. Hakumwona mtu. Akasimama kitambo, akatazama upande wa mlimani, akanusa upepo, akasema, "Anikeni." Alikuwa na sauti ambayo sijapata kuisikia kwake. Namjua shangazi tangu sijaota meno, lakini mtu yule nilimwona kwa mara ya kwanza uani pale, na nina hakika asingetokea kamwe kama bibi angekuwepo ametukalia kitini kwa miaka 1,000, kwa mapenzi yake yote.

Hata miche. Miaka michache kabla hajaanza kusahau, bibi aliotesha mikarafuu mipya kwenye mapengo ya shamba. Mkarafuu unakaa miaka 6 au zaidi kabla ya kuzaa, na unachukua mingi zaidi kukomaa. Alijua hatauchuma. Angekuwa hafi, ile ingekuwa biashara yake tu.

Mimi ni Muislamu, naamini uhai usiokatika upo na haupo hapa. Sitaki kuligeuza andiko hili mawaidha, ila nitazame dua zetu za kila siku. Mtoto akipata shahada, bibi harusi akitoka, mzee akishukuru kwa kuletewa maji, wanasema: Mungu akupe umri mrefu na mwisho mwema. Yote mawili kwa pumzi moja. Sijapata kusikia mtu akiombewa la kwanza bila la pili, wala mtu akiombewa mwisho mwema akaona ametukanwa.

Basi mwanangu, uliniambia sijaumwa. Kweli. Lakini baba anaumwa sasa, na kila jioni nampigia simu Wete. Ningempa dawa yoyote ya kumpunguzia maumivu, ningeuza kila nilicho nacho kumwongezea miaka mitano, na bado kile kidonge nisingempa.

Juzi alipokea mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ya furaha na ya mbali kidogo. Akauliza, "Mama, karafuu zimekauka?" Msimu haujaanza, na mimi nipo Mjini, kwenye nyumba isiyo na ua. Sikujua anazungumza na mama yupi. Nikamjibu, "Zimekauka, baba."