Chipu ya waifai ikianza kubwata, draiva ifanye nini?

Kuna saiba moja pale Umoja, Nairobi, walikuwa na kompyuta ya kuprintia, iko kona ya dirishani, imechomekwa ka-adapta ka waifai ka USB kenye chipu ya AR9271, kale ka zamani ambako watu bado wanakatafuta Luthuli Avenue juu kanashika mtandao wa mbali. Kananing'inia kwa kebo ndefu ya bei rahisi, imebandikwa selotepu kwa grili. Ikifika jioni, jirani wa jua kali akianza kuchomelea mageti, mashini inaganda. Sio intaneti kupotea, mashini yote, hata mausi haisongi. Kijana wa saiba ananipigia: "Fundi, imekufa tena, na kuna mathe hapa ameprinti nusu ya fomu, amekasirika."

Nilibadilisha kebo nikaweka fupi, shida ikaisha, na wengi wangefunga mjadala hapo. Mimi nilibaki na swali. USB inakagua data njiani kwa CRC, hesabu ya kuhakikisha kilichofika ndicho kilichotumwa, kwa hivyo sidhani baiti zilikuwa zinaharibikia kwa waya, dau langu ni kwamba volti ikishuka chipu yenyewe inachanganyikiwa halafu inatuma upuuzi, lakini upuuzi umefungwa vizuri kabisa kama barua ya posta. Sawa, chipu imebwata. Mbona draiva, ile programu ya kompyuta inayoendesha chipu, ikaamini kila kitu?

Kwa wale hawajawahi kufungua hizi kodi (za programu, sio za nyumba): chipu ya waifai ni kompyuta ndogo yenye programu yake, famuwea, na inaongea na draiva kwa kutuma matukio. Skani imeisha, nimepata pakiti, nimekatwa na ruta. Kila tukio lina kichwa kinachosema ni la aina gani na lina urefu gani. Kwa draiva ya ath9k_htc, ambayo ndiyo inaendesha hii AR9271 kwa Linux, kichwa ni baiti 4 tu: 2 za urefu, 2 za alama ambayo lazima iwe 0x4e00. Baiti 2 zinaweza kutaja urefu wowote hadi 65,535. Sasa kama kilichofika kweli ni baiti 200 na kichwa kinasema elfu arobaini, na draiva inaenda tu kukata elfu arobaini bila kuuliza, itasoma memori ya wenyewe, na hapo chochote kinaweza kutokea, kuganda ndio bahati nzuri.

Wapo wanaosema draiva haina haja ya kushuku chipu yake, na sio watu wa kupuuza. Hoja yao ya kwanza: chipu iliyo kwa PCIe, ile sloti ya ndani ya kompyuta, inaandika memori moja kwa moja bila kupitia prosesa (hiyo ndio DMA), ikitaka kukuharibia itakuharibia tu, sasa wewe unakagua urefu wa nini, ni kama kufunga mlango kwa kufuli na mwizi analala ndani. Ya pili: ukaguzi unakaa kwa njia ambayo pakiti zote zinapita, na kila if, yaani kila "kama hivi, fanya vile", ni tawi lingine la kodi ambalo karibu hakuna mtu atalipima. Ya tatu ndio nzito kwangu: famuwea inabadilika. Toleo jipya linaongeza sehemu mbili tatu mwisho wa tukio, na draiva iliyodai urefu uwe sawasawa na ile inajua inaanza kukataa matukio halali, watu wanaapdeti usiku asubuhi hakuna waifai.

Hoja ya kwanza ilikuwa na nguvu zamani, siku hizi inavuja. Mashini nyingi zina IOMMU, mlinzi wa memori anayeweza kuifungia chipu isiguse memori isiyo yake, na kifaa cha USB hakifanyi hiyo DMA kivyake, anayeandika memori ni kontrola ya upande wa kompyuta. Halafu tukaona 2017, watafiti wa Project Zero ya Google walionyesha unaweza kuteka chipu ya Broadcom kupitia hewani halafu ukapanda kutoka chipu hadi kwa simu yenyewe. Na 2019 ikatoka CVE-2019-9503 (CVE ni namba ya tundu la usalama linalojulikana) kwa brcmfmac, draiva ya Linux ya chipu za Broadcom, hii naipenda sana juu ni ya kijinga kwa njia nzuri: matukio ya famuwea na pakiti za kawaida zinapita mlango mmoja, kwa hivyo draiva inatakiwa itupe tukio lolote lililotoka kwa mtu wa nje anayejifanya famuwea, na huo ukaguzi ulikuwepo, lakini adapta ikiwa ya USB ungeweza kurukwa. Yaani mtu ako nje ya nyumba anaongea kwa sauti ya chipu yako na draiva inaitika.

Kwa hivyo mimi niko upande wa kushuku. Ila hoja ya tatu siitupi, na jibu lake si gumu: tukio likiwa fupi kuliko unachohitaji kusoma, kataa, likiwa refu, soma unachojua, kilichobaki achana nacho. Na usijaribu kulitengeneza. Nimeona mtu akipunguza urefu ulotajwa hadi utoshee bafa, ile nafasi ya memori iliyotengwa, halafu anaendelea kana kwamba hakuna kitu, hapo umetoka kwa tukio bovu ukaingia kwa tukio la uongo.

Lakini ugumu wenyewe unaanza baada ya kukataa, na hapa ndio naona watu wanateleza. Rudi kwa ath9k_htc. Uhamisho mmoja wa USB unaweza kubeba pakiti kadhaa, draiva inazikata moja moja na kuziweka pembeni. Ukaguzi wa urefu na alama ulikuwepo, ikipata kichwa kibovu inarudi hapo hapo. Vizuri, si ndio? Ila zile ilikuwa imeshaweka pembeni hakuna aliyeachilia memori yake, ikawa inavuja, hadi syzkaller, ile programu inayorushia kerneli (kiini cha Linux) takataka makusudi, ikaigundua na ikarekebishwa 2023. Uamuzi wa waliorekebisha ulikuwa: kichwa kimoja kikiwa kibovu, tupa zote za uhamisho huo. Kuna mtu atasema ni ukali, zile za kwanza zilikuwa nzima. Mimi nakubaliana nao, ukishapoteza mahali kichwa kinaanzia na unajua mtumaji amechanganyikiwa, hata zile za mwanzo unaziaminije, na waifai imezoea pakiti kupotea, TCP, ule utaratibu wa intaneti wa kuhakikisha data imefika, itazituma tena.

Halafu kuna kelele. Wengine wanaweka WARN_ON, onyo kubwa la kerneli, kila mahali, na kuna mashini zimewekwa panic_on_warn, kwa hivyo onyo tu linazima kompyuta, umerudi pale pale kwa mathe na fomu nusu. Mwongozo wa kerneli yenyewe unasema WARN ni ya hali usiyotarajia ifikiwe kamwe, na hali inayoweza kufikiwa ingawa hutaki, tumia pr_warn, ambayo inaandika tu mstari kwa logi. Tukio bovu kutoka kwa chipu linafikika, muulize fundi wa mageti. Kwa hivyo mstari mmoja kwa logi, upunguzwe kasi usijaze diski, na kaunta inayoongezeka kila tukio bovu likija.

Kutupa kimya kimya nako sikutaki. Tukio la "nimekatwa" likitupwa, draiva inaendelea kuamini imeunganishwa, mteja anaona baa nne na hakuna kinachofunguka, na wewe fundi huna hata mstari mmoja wa kukuonyesha kwa nini. Ndio maana hiyo kaunta ikifika mahali, draiva iriseti chipu ianze upya. Ifike ngapi? Hapo sina namba. Ikiwa ndogo, kila mtu akichomelea geti unapoteza mtandao sekunde kadhaa, na anayetaka kukusumbua anaweza kukufanya uriseti siku nzima. Ikiwa kubwa, chipu imekufa na draiva bado inahesabu. Pale saiba nimeandika skripti inayosoma logi, mistari ya matukio mabovu ikizidi 20 kwa dakika inaondoa draiva na kuirudisha, 20 nimeitoa tu kichwani, na kebo ndefu nimemwambia kijana akae nayo juu nataka kuirudisha siku moja jioni nione.