Watoto wa mwambani Lamu: utoro unaofuata mwezi

Ajira ya watoto ikitajwa Lamu, lawama humwangukia mzazi: hajali masomo, afikishwe mahakamani. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013 inaruhusu hilo. Asiyempeleka mtoto shule anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000, kufungwa hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Lakini katika vijiji vya wavuvi kisiwani Pate, tatizo mara nyingi si mtoto aliyeacha shule. Ni mtoto anayeikosa kwa zamu, na zamu hiyo inapangwa na mwezi.

Pweza huchokolewa kwa miguu, bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa kupita kiasi, linapouacha mwamba wazi. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapopevuka, na pwani yetu maji yake hufika mwisho wa kupwa kati ya saa nne na saa sita mchana. Mchokoaji hushuka nayo saa mbili hivi kabla, kisha hutoka yanapoanza kujaa. Basi tangu saa mbili asubuhi hadi adhuhuri yuko mwambani. Kwa nini mtoto asingoje jioni, baada ya masomo? Kwa sababu siku ambazo maji hupwa jioni ndizo siku za maji mafu, yanayopwa kidogo tu, na maji mafu hayauachi mwamba wazi. Wanaoshauri watoto wafanye kazi baada ya shule hawajaitazama bahari.

Tupige hesabu. Bamvua moja lina siku nne hivi za kazi ya maana. Ukitoa zinazoangukia Jumamosi na Jumapili, zinabaki kama tatu. Muhula wa wiki 13 una bamvua sita au saba, kwa hiyo mtoto anayefuata kila bamvua hupoteza asubuhi 18 hadi 21 kati ya 65, karibu theluthi moja. Tena asubuhi ndiyo wakati shule nyingi huweka hisabati na lugha. Mtoto anakosa somo la kutafuta asili ya pamoja ya sehemu, anarudi wenzake wakijumlisha sehemu, na kabla hajashika mkia wala kichwa bamvua jingine linamchukua, darasa likiingia desimali. Mwalimu mwenye darasa lililojaa hawezi kurudi nyuma kwa ajili ya watatu. Kwenye rejista utoro huo hautishi, maana mtoto kila mara hurudi. Akifika gredi ya 6 amekaa nyuma, kimya, na akiondoka watu watasema amependa bahari kuliko kitabu.

Na mzazi? Elimu ya msingi ni bila malipo tangu 2003, na serikali hutenga shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi. Sare, viatu na chakula cha mchana vimebaki nyumbani. Baba ana deni kwa tajiri aliyempa nyavu na mafuta, na samaki wake humwendea tajiri huyo. Kusi likivuma kwa nguvu vyombo vidogo havitoki, na nyumba hula kinachofikika kwa mguu. Mwamba hautaki mafuta wala mkopo. Pia si kazi ya ujinga: mtoto aliyefundishwa na mamake hulitambua shimo la pweza kwa maganda ya kaa na kombe yaliyorundikana mlangoni. Sheria ya Ajira ya 2007 yenyewe inawaruhusu wenye umri wa miaka 13 hadi 16 kufanya kazi nyepesi isiyodhuru afya wala masomo.

Wanaotaka sheria iume husema ukifungua mlango huo wa kazi nyepesi kidogo, wenye kutafuta kazi ya bei rahisi wataupanua. Kweli. Tena mtoto wa umri wa miaka tisa hana nafasi mwambani siku ya shule, na dadake anayebaki nyumbani na mtoto mchanga ili mama ashuke kuchokoa hupoteza asubuhi zilezile bila mtu kumhesabu.

Hata hivyo, faini ya 100,000 kwa nyumba yenye deni italipwa kwa pweza zaidi. Majedwali ya maji ya Mamlaka ya Bandari hutolewa ya mwaka mzima. Mwalimu mkuu anaweza kujua mwezi Januari ni asubuhi zipi zitapungukiwa na watoto, akahamishia hisabati mchana siku hizo, na akampokea anayefika saa saba badala ya kumfukuza. Vikundi vya Pate vinavyofunga mwamba, yaani kuzuia uvuvi kwa muda, ili pweza wakue vinaweza kuufungua bamvua la likizo ya Aprili, Agosti au Desemba.

Mpango huo hautasaidia Manda Maweni, kwenye machimbo ya mawe ya kisiwa cha Manda. Kule mtoto hugonga mawe kuwa kokoto kwa nyundo, vumbi likimwingia kifuani na vipande vikiruka machoni, na hakuna maji yanayojaa kumwambia atoke. Hapo sina utetezi. Maafisa wa leba waanzie huko, na wa kwanza kuulizwa awe anayenunua kokoto hizo, kabla ya mama anayezijaza ndooni.