Mabehewa Matano ya Habasoda

Makaa ya mawe yakishapondwa na kuchekechwa hadi punje ya milimita mbili, yakatiwa kwenye chupa ya jamu isiyo na lebo, yanafanana na habasoda kama mapacha. Punje nyeusi, zina pembe, na vumbi lisipooshwa hazing'ai. Kinachotofautisha ni harufu tu, na wiki ile mimi nilikuwa na mafua.

Tuanze na behewa lenyewe, maana bila hilo hamtaelewa makaa yalifikaje jikoni. Tunaishi Leicester, Uingereza. Reli ya kwanza ya hapa, ile ya Leicester na Swannington, ilifunguliwa mwaka 1832, na shabaha yake ilikuwa kuleta makaa kutoka machimbo ya upande wa Coalville. Machimbo yamekwisha, Snibston walifunga mwaka 1983. Basi mtu wa hapa akitaka kuunda treni ndogo, asipounda mabehewa ya makaa ataunda nini? Dukani yapo, yamepakwa rangi na kila kitu, lakini hayo ni ya watu wenye haraka.

Nililochagua ni behewa la mbao saba kila ubavu, tani 12, muundo wa mwaka 1923. Kipimo ni milimita 4 kwa kila futi ya behewa halisi. Urefu futi 16 na nusu, kwa hiyo milimita 66. Upana futi 8, milimita 32. Kutoka ekseli hadi ekseli futi 9, milimita 36. Unakata karatasi ngumu ya plastiki, polistairini nyeupe: unene wa milimita moja kwa sakafu na mbavu, robo milimita kwa ile mikanda ya chuma ya pembeni. Mistari ya mbao inachorwa kwa mgongo wa ncha ya kisu ukifuata rula ya chuma, mikwaruzo mitatu minne myepesi, si mmoja wa hasira. Na uchore pande zote mbili za karatasi. Kwanza, behewa liko wazi juu na ndani panaonekana. Pili, ukichora upande mmoja tu, ubavu unajikunja wenyewe.

Kuunganisha hakutaki gundi ya kupaka bali kiyeyusho. Mimi natumia butanoni. Unashikanisha vipande vikavu, unagusa kona kwa brashi nyembamba, kiyeyusho kinapenya chenyewe kwenye upenyo na kuyeyusha plastiki pande mbili zikashikana. Hesabu hadi kumi na tano, achia, halafu usiliguse hadi kesho yake. Dirisha liwe wazi, maana mvuke wake si wa kuvutwa. Leicester mwezi wa Januari, dirisha wazi maana yake ni sauti kutoka sebuleni: "Baba, unapasha joto mtaa mzima au nyumba yetu tu?"

Kona zinyooke kwa tofali za Lego. Sitanii, pembe zake zimenyooka kuliko skwea nyingi za bei rahisi, na ukizipanga ndani ya behewa likikauka, haliendi upande. Mwenye tofali ni mwanangu wa pili, naye hazikopeshi, anazikodisha: tofali nne kwa usiku mmoja, biskuti mbili, malipo kabla ya kazi. Nikichelewesha, anakuja kuzing'oa behewa likiwa bado bichi.

Magurudumu ndiyo yanayoumbua watu. Ekseli ina ncha kama sindano, milimita 26 ncha hadi ncha, na inazunguka ndani ya vikombe vya shaba vinavyoingia tundu la milimita 2. Tundu likikosea nusu milimita kwenda juu, gurudumu moja linaning'inia hewani, na behewa litaacha njia kwenye makutano ya kwanza ya reli. Liweke juu ya kioo, bonyeza kona moja moja. Likigonga, usilazimishe, yeyusha upande mmoja, ulikalishe juu ya kioo hicho hicho likaukie hapo. Kikombe cha shaba kikidondoka kwenye zulia, funga soksi nyembamba ya nailoni kwenye mdomo wa mashine ya kufyonza vumbi, upitishe taratibu. Kitanasa kwenye soksi, pamoja na hereni moja iliyopotea tangu Idi.

Kisha uzito. Behewa jepesi halitulii. Kanuni inayotumika sana ni gramu 25 kwa kila ekseli, kwa hiyo hili linataka 50. Kipande cha madini ya risasi, ile ya mafundi paa, unene milimita 1.8, ukikikata 60 kwa 28, kina gramu kama 34, na plastiki na magurudumu vinajazia. Kinalala sakafuni, juu yake inawekwa sakafu ya uongo, ambayo shehena itaifunika. Toboa matundu mawili ya milimita 2 chini ya behewa, la sivyo mvuke wa kiyeyusho unafungiwa humo na baada ya miezi mbavu zinaingia ndani. Na risasi usiibandike kwa gundi nyeupe ya mbao hata kama ndiyo iliyo karibu. Asidi ya gundi ile inaigeuza risasi kuwa unga mweupe unaovimba, mwishowe behewa linapasuka likiwa limetulia kabatini. Tumia epoksi, nawa mikono. Risasi yangu mimi inakaa kwenye banda la nje na kufuli, kwa sababu nyumba hii ina watoto watatu, na kila mmoja amewahi kula kitu kisicho chakula.

Meza tunayo moja. Hapo ndipo watoto wanapofanyia kazi za shule, mama watoto anapokunjia nguo, na sisi sote tunapolia chakula. Kwa hiyo karakana yangu ni sinia, lile kubwa la bati la kulia pilau. Lina ukingo, magurudumu hayabingiriki kwenda zake, na chakula kikiiva unanyanyua karakana nzima kwa mikono miwili unaiweka juu ya friji. Mfumo huo ulifanya kazi bila dosari mpaka mama mkwe alipotua kutoka Tanga.

Mama mkwe wangu ni mtu wa mpango. Siku ya pili alikuwa ameshapanga kabati la viungo upya, mdalasini na mdalasini, iriki na iriki. Alikuja na habasoda ya kutosha miezi sita, amefungiwa na dada yake kwenye mfuko wa nailoni. Mama watoto akaimimina kwenye chupa ya jamu, na chupa za jamu hapa kwetu ni za aina moja, kwa sababu watoto wanakula jamu ya aina moja.

Chupa yangu ya makaa ilikuwa juu ya sinia. Niseme kidogo habari zake, maana yalikuwa makaa ya heshima. Huku makaa ghafi ya kuwashia majumbani yamepigwa marufuku kuuzwa tangu Mei 2023, kwa hiyo bonge langu, saizi ya ngumi, nilipewa na mchochea moto wa treni ya mvuke ya Great Central kule Loughborough. Mkaa wa miti wa kuchomea nyama haufai. Ni mwepesi, hauna mng'ao ukivunjika, na unaishia kuwa vumbi. Bonge la makaa unalifunga kwenye kitambaa, unaligonga kwa nyundo, unachekecha kwa chujio la chai. Kinachopita ni vumbi la kuchafulia magurudumu. Kinachobaki unakipitisha kwenye chekecheke yenye matundu makubwa kidogo, na hicho ndicho shehena: milimita mbili kwa kipimo chetu ni bonge la inchi sita, jiwe halali la makaa. Behewa moja linataka kijiko kimoja cha chai kilichojaa.

"Mwanangu," mama mkwe akaniambia jioni moja, "nimekuta chupa ya habasoda juu ya friji, nimeirudisha kwa wenzake."

Nilikuwa nimeinamia ekseli. Nikaitikia, "Ahsante mama."

Saa tano usiku, watu wamelala, nikaenda kutafuta chupa yangu juu ya friji, sikuiona. Kabatini nikaikuta, nyeusi, ya jamu, ipo mbele. Nikajimiminia. Kazi yenyewe ni rahisi: paka sakafu ya uongo rangi nyeusi, mwaga gundi nyeupe nzito, nyunyiza, tengeneza kilima katikati kilichoinuka milimita mbili tatu. Halafu changanya gundi na maji nusu kwa nusu, weka tone moja la sabuni ya vyombo ili maji yapenye bila kuelesha punje, dondoshea kwa sirinji ya dawa ya mtoto mpaka kote paonekane peupe. Kikikauka, weupe unapotea. Niliona punje zimelingana ajabu, nikajipongeza kwa uchekechaji. Nikajaza mabehewa matano, nikayapanga kwenye rafu juu ya hita ya ukutani yakauke.

Jikoni kwa upande wake mambo yaliendelea mchana wake. Jumamosi tulikuwa na wageni, mzee mmoja wa msikitini na mkewe, na mama mkwe akasema mkate atapika yeye. Baadaye mama watoto alinisimulia mazungumzo yalivyokuwa.

"Mwanangu, habasoda hii mbona haina harufu?"

"Mama, vitu vya huku vyote havina harufu. Hata vitunguu."

Mama mkwe akakubali, maana vitunguu alishavionja. Akaupaka mkate yai, akanyunyiza kwa ukarimu wa watu wa pwani.

Mkate ulitoka mzuri, sitamdhulumu mtu. Umevimba, umepiga rangi ya dhahabu, juu umemetameta. Mzee akapewa kipande cha kwanza. Akasoma bismillahi, akauma. Mlio uliotoka ulisikika hadi upande wangu wa meza. Akaacha kutafuna, akatazama dari, akaendelea polepole.

"Mama, habasoda hii ya wapi?"

"Ya Tanga."

"Mashallah," akasema, akameza. "Ina nguvu."

Mkewe alikuwa ameshalaza kipande chake pembeni ya sahani, amekifunika kwa kitambaa cha karatasi. Mimi nikachukua changu, nikakigeuza kwenye mwanga wa taa. Punje moja ilikuwa imevunjika kwa kisu, na pale ilipovunjika pamemeta kama kioo cheusi. Habasoda haivunjiki hivyo. Kabla sijafungua kinywa, binti yangu wa miaka sita, aliyekwenda kupasha mikono kwenye hita, akapaza sauti kwa furaha:

"Baba! Treni yako inanuka dawa ya bibi!"

Kimya. Mama mkwe akainuka, akaweka ushungi sawa, akaenda kwenye rafu. Akainama juu ya behewa la kwanza, akanusa. La pili, akanusa. Alikagua treni nzima mpaka mwisho, kisha akageuka.

"Habasoda yangu ya miezi sita mmeipandisha treni?"

Kuhusu mkate hakusema neno. Mama watoto ndiye aliyewaeleza wageni wamekula nini, halafu akapiga simu ya ushauri wa afya. Kule wakauliza mzee amekula kiasi gani. Akafunika simu kwa kiganja, akaniuliza. Nikapiga hesabu ya vijiko.

"Kama robo behewa."

Hilo hakulitafsiri. Wakamwambia mzee anywe maji, akiumwa apige tena. Mzee mwenyewe alikuwa anacheka mpaka machozi, akisema amewahi kula chakula cha hosteli, makaa si kitu.

Kutoa habasoda kwenye mabehewa hakukuwa kazi ya kuchekesha hata kidogo. Gundi nyeupe iliyokauka inalegea kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni. Usitumie ya kuchemka, polistairini italegea nayo. Baada ya saa moja hivi inageuka nyeupe tena, unainyofoa kwa kijiti cha meno. Mabehewa manne yalisafishika. La tano sakafu ya uongo ilitoka mzima mzima na rangi yake. Tangu hapo shehena siimwagi ndani ya behewa: naigundisha juu ya kipande cha pekee cha plastiki cha nusu milimita, kimekatwa 61 kwa 28 ili kiingie bila kubana, na chini ya makaa nimezika washa, ile pete bapa ya chuma ya kuwekea nati. Ukishusha sumaku juu yake, shehena nzima inanyanyuka, na behewa linarudi likiwa tupu bila kulowekwa kwenye beseni la vyombo.

Siku ya tatu mzee alipiga simu. Tumbo lake, alisema, lililokuwa likijaa gesi miaka mingi, limetulia. Je, ule mkate upo tena? Mama mkwe akachukua simu, akamjibu kwamba habasoda imekwisha, atumie ya kwake.

Fidia ilidaiwa rasmi. Zamani mabehewa ya makaa ya Uingereza mengi yalikuwa mali ya machimbo na wafanyabiashara, na mwenye mali aliandika jina lake ubavuni kwa herufi kubwa. Nilikosea kumsimulia mama mkwe habari hiyo. Akataka la kwake, jina lake na TANGA chini yake. Nikamwandikia kwa herufi za milimita 6, nyeupe juu ya nyekundu, nikamletea. Akaliangalia ndani.

"Halina paa."

"Mama, makaa hayaogopi mvua."

"Nani kakwambia langu la makaa?"

Kwa hiyo sasa naunda la paa. Polistairini ya nusu milimita inafungwa kwa utepe kwenye chupa, inamiminiwa maji ya moto, inaachwa ipoe hapo hapo, na ikifunguliwa imeshika mpindo. Matundu ya hewa chini ni matatu safari hii, kwa kuwa sanduku limefungwa pande zote. Juzi nilimwonyesha kwa simu ya video, yuko Tanga, kavaa miwani, kasogeza uso hadi naona jicho moja tu. Akasema mlango umekaa vizuri, rangi imekubali.

"Kufuli iko wapi?"