Kabla ya kuchukua begi, ulizeni kilichomo

Makala yenu kuhusu mabegi ya mkononi kwenye ndege inasema abiria anayezuiwa na begi zito mlangoni, wakati wa kupanda, ajilaumu mwenyewe kwa kutosoma masharti ya tiketi. Sawa, kikomo cha kilo 7 cha begi la mkononi daraja la kawaida kwa Emirates au Qatar Airways kimeandikwa wazi. Lakini mwandishi hakugusa kinachofuata begi likishachukuliwa, na hapo ndipo penye hatari.

Nilishuhudia Dar, safari ya Mwanza. Ndege ilikuwa ya pangaboi, na rafu zake za juu hazipokei begi la magurudumu. Mhudumu akafunga lebo begi la abiria mmoja, akalivuta pembeni likapakiwe chini ya ndege, basi. Mwenyewe, mama mmoja, akapaza sauti: "Mwanangu, insulini yangu imo humo!" Huko chini baridi inaweza kuigandisha, na insulini ikiganda haifai tena. Akafungua zipu pale pale chini ya ngazi, foleni nzima nyuma yake, akatoa kipochi cha dawa na pawabenki mbili.

Hizo pawabenki ndizo zilinishtua zaidi. Ni marufuku kuziweka kwenye mizigo ya chini, kwa sababu betri ya lithiamu ikishika moto huko hakuna mtu wa kuiwahi. Juu, wahudumu wataona moshi mapema. Na hakuna aliyekuwa ameuliza!

Mashirika yetu, pimeni begi kaunta ya kwanza, abiria apange vitu vyake kwa utulivu. Mkilazimika kulichukua mlangoni, mwulizeni: kuna dawa, betri, pasi ya kusafiria? Nasi tuweke vitu hivyo kwenye kipochi kimoja, juu kabisa ya begi.